Flashi ya nyumbani, flashi ya mtaani: jinsi ya kufungia mafaili yako ya siri

Mwaka juzi niliingia steshenari moja karibu na kituo cha daladala kuprinti barua ya kurasa mbili. Kijana wa pale alipokea flashi yangu, akaichomeka, akaliburuta faili hadi kwenye deskitopu yake, akaprinti, akanirudishia flashi na chenji. Wakati nasubiri, macho yaliangukia kwenye kioo. Deskitopu yote ilijaa mafaili ya wateja waliotangulia: CV, vyeti vya kidato cha nne, picha za vitambulisho vya NIDA mbele na nyuma, mkataba wa kupanga nyumba, na faili moja lililoandikwa "MAHARI FINAL". Hakuna aliyeiba kitu. Kijana alikuwa na foleni, na kufuta si sehemu ya kazi anayolipwa. Barua yangu nayo ikabaki palepale. Nilipofika nyumbani na kuchomeka flashi, folda zangu zote zilikuwa zimegeuka shotikati zenye kimshale pembeni.

Barua ilikuwa ya kurasa mbili tu. Lakini flashi ileile ilikuwa na vyeti vyangu vyote, nakala ya hati ya kiwanja cha mama, hesabu za kikundi chetu cha kuweka na kukopa pamoja na namba za simu za wanachama, na picha za familia za miaka sita. Nilikuwa nimebeba kabati zima la nyumbani kwenda kutoa karatasi mbili.

Kufungia mafaili kwa nywila, au paswadi kama wengi tunavyosema, nitakueleza hatua kwa hatua, na si kazi ngumu. Ila kufuli ukilifungulia sokoni limekwisha kazi yake. Kwa hiyo kabla ya programu yoyote, nunua flashi ya pili. Moja ni ya nyumbani: ndani yake mna sanduku lililofungwa, yaani faili moja kubwa linalofungia mengine kwa nywila, na haichomekwi ila kwenye kompyuta unayoiamini. Nyingine ni ya mtaani, ndogo kuliko zote dukani, na haina kitu isipokuwa lile faili linalokwenda kuprintiwa leo. Ikipata kirusi, unaifomati bila kuumia roho.

Kuficha si kufunga

Nywila unayoandika kuwasha laptopu inailinda laptopu. Flashi haimo. Ukiichomoa na kuichomeka kwingine, inasomeka kama daftari lililoachwa wazi mezani.

Watu wengi hujaribu ujanja. Wanaiwekea folda alama ya kufichwa, wanaipa jina la kutisha kama "System32", au wanabadili kiambishi cha jina la picha, kama .jpg, ili isifunguke. Ujanja huu unamtosha mdogo wako wa miaka minane. Kwenye Windows, mtu akifungua folda na kuweka tiki kwenye "Hidden items" chini ya "View", vyote vinajitokeza. Kirusi cha shotikati chenyewe kinaishi kwa ujanja huohuo: kinazificha folda zako halisi, kinaweka mahali pake shotikati zenye majina yaleyale, na ukibofya moja kinajianzisha kwanza, kisha kinakufungulia folda ili usishtuke.

Kama kimekukuta, usibofye hata shotikati moja. Tafuta kompyuta yenye antivirasi iliyosasishwa, ipitishe kwenye flashi nzima, halafu fungua Command Prompt, lile dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike hivi, ukibadili E kwa herufi ambayo flashi yako imepewa:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zako zitarudi kuonekana. Nakili unachohitaji kwenda kwenye kompyuta, kisha ifomati flashi. Nimeona watu wakilipa fundi pesa nzuri kwa mstari huo mmoja.

Halafu kuna programu za bure zinazojinadi kuwa zinafunga folda kwa nywila. Baadhi yake zinaficha tu, kisha zinaweka kidirisha cha kuuliza nywila mlangoni. Kuzipima ni rahisi. Chomeka flashi hiyo kwenye kompyuta ya Linux, au kwenye simu kwa waya wa OTG. Ukiona mafaili yako na yakafunguka, hapakuwahi kuwa na kufuli.

Kinachofunga kweli ni kusimba. Programu inachukua mafaili yako na kuyageuza fumbo kwa hesabu, kiasi kwamba anayeiokota flashi anaona baiti zisizo na maana mpaka aandike nywila sahihi. Hata akilivua ganda la plastiki na kusoma chipu yenyewe, anakuta fumbo lilelile.

Na flashi kweli zinaokotwa. Oktoba 2017 mtu mmoja aliokota flashi magharibi mwa London, akaenda kuichomeka kwenye kompyuta ya maktaba aone ni ya nani. Akakuta folda 76 zenye mafaili zaidi ya 1,000 ya uwanja wa ndege wa Heathrow. Haikuwa na nywila, wala haikuwa imesimbwa. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliitoza kampuni ya uwanja huo faini ya pauni 120,000.

Kagua flashi kabla ya kuiamini

Sehemu hii ni fupi lakini usiiruke. Ukiuziwa flashi ya "terabaiti 2" kwa bei ya chipsi na soda, umeuziwa uongo. Kidhibiti cha ndani kimefundishwa kujitangaza kuwa kikubwa, lakini chipu halisi ni ndogo. Mafaili ya mwanzo yanaingia vizuri. Chipu ikijaa, yanayofuata yanaharibika kimyakimya huku kompyuta ikikuambia yamenakiliwa. Sanduku lililosimbwa likiwekwa humo ni hasara juu ya hasara.

Flashi ikiwa bado tupu, ipime kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac. Zinaijaza mpaka ukingoni na kusoma tena kilichoandikwa. Inaweza kuchukua saa kadhaa; iache ijipime usiku.

Ikipita, ifomati kwa exFAT. FAT32, ambayo flashi nyingi hutoka nayo dukani, haikubali faili moja la kufikia gigabaiti 4, na sanduku tutakalotengeneza ni faili moja. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu kilichomo.

Nywila, mahali wengi wanapoanguka

Juni 2022, mfanyakazi wa mkandarasi aliyeajiriwa na mji wa Amagasaki, Japani, alitoka kazini na flashi mkobani, akaenda kunywa na wenzake, akalala njiani, akaamka mkoba haupo. Flashi ilikuwa na taarifa za wakazi wapatao 460,000, yaani mji mzima. Bahati nzuri ilikuwa imesimbwa. Kisha maofisa wa mji wakakaa mbele ya waandishi wa habari kuomba radhi, na katika kuwatuliza watu wakataja kwamba nywila ina herufi na tarakimu 13. Mtandaoni watu wakaanza kukisia papo hapo, na kisio lililosambaa lilikuwa jina la mji likifuatwa na mwaka: herufi tisa, tarakimu nne, jumla 13. Mkoba ulipatikana siku chache baadaye. Sijui kama wale maofisa walipata usingizi hapo katikati.

Kwa hiyo usimwambie mtu nywila yako ina urefu gani, wala "inaanza na nini", hata kwa utani. Na usitumie tarehe ya kuzaliwa. Miaka 80 ina siku zisizofika 30,000. Kompyuta inaweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi. Jina la mtoto na mwaka wake, namba ya simu, jina la timu pamoja na 123: vyote vimo kwenye orodha za kwanza za mtu anayejaribu kuvunja.

Njia ninayoitumia ni ya kamusi. Fumba macho, fungua kamusi ya Kiswahili popote, weka kidole, chukua neno. Rudia mara sita. Unapata kitu kama "mwiko tandiko sumaku fenesi rubani kunguru". (Usitumie hii, imeshachapishwa hapa.) Ukichukua maneno sita kwa bahati kutoka kwenye maneno 10,000, michanganyiko inayowezekana ni 1 ikifuatwa na sifuri 24. Kukumbuka ni rahisi kuliko "X7#qP!": jitungie kihadithi cha rubani aliyemkuta kunguru anakula fenesi kwa mwiko, basi. Ila maneno yawe ya bahati kweli. Ukichagua mwenyewe utachagua unayoyapenda, na methali au mstari wa wimbo ndio kabisa, maana kila mtu anaujua.

Andika nywila hiyo kwenye karatasi kwa wiki mbili za mwanzo mpaka vidole viizoee. Karatasi isikae kwenye mfuko mmoja na flashi.

Sanduku la VeraCrypt

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa flashi ya nyumbani. VeraCrypt ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ilianza 2013 kutokana na programu ya zamani iitwayo TrueCrypt. Waliotengeneza TrueCrypt waliiacha Mei 2014 na wenyewe wakaonya watu wasiendelee kuitumia, kwa hiyo ukikuta maelekezo ya zamani yanayokutuma huko, yapite. Ipakue VeraCrypt kwenye tovuti yake rasmi tu. Usiipokee kwenye flashi ya rafiki.

Vibonye vyake nitavitaja kwa Kiingereza kama vinavyoonekana kwenye kioo.

Isakinishe kwenye kompyuta yako, chomeka flashi, fungua programu na ubofye "Create Volume". Kwenye dirisha linalokuja chagua "Create an encrypted file container". Chaguo linalofuatia chini yake linasimba flashi nzima. Liache kwa sasa, sababu nitaitaja mwishoni. Endelea, kisha chagua "Standard VeraCrypt volume".

Sasa inakuuliza sanduku likae wapi. Bofya "Select File", nenda kwenye flashi, na uandike jina jipya la kawaida, mfano "sanduku.hc". Angalia sana hapa: ukichagua faili lililopo tayari, programu haitaliweka ndani ya sanduku, italifuta na kuweka sanduku mahali pake. Inakuonya, lakini watu hubofya "Yes" bila kusoma.

Ukurasa wa aina ya usimbaji uache ulivyo, AES na SHA-512, ambayo ni majina ya kanuni za hesabu inazotumia. Hakuna sababu ya kuchanganya kanuni tatu za usimbaji kwa pamoja. Utapata sanduku zito lisilo salama zaidi kwa maana yoyote inayokuhusu.

Kisha ukubwa. Sanduku halikui lenyewe, kwa hiyo fikiria miaka miwili mbele. Kwa nyaraka na vyeti, gigabaiti 2 ni nyingi. Kwa picha na video za familia, toa hata 20 kama flashi inazo. Baada ya hapo andika nywila yako mara mbili. Ikiwa ni fupi kuliko herufi 20, VeraCrypt yenyewe itakulalamikia. Ya maneno sita itapita bila kelele.

Ikikuuliza kama utaweka mafaili makubwa zaidi ya gigabaiti 4, jibu kwa ukweli. Mwisho unafika kwenye ukurasa wenye namba zinazochezacheza na mstari unaojaa taratibu. Zungusha kipanya ovyoovyo ndani ya dirisha hilo mpaka mstari ujae rangi ya kijani. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini mizunguko yako inasaidia kuchanganya ufunguo usitabirike. Bofya "Format". Kinachofomatiwa ni sanduku peke yake. Flashi haiguswi, usiogope.

Kulifungua: kwenye dirisha kuu chagua herufi yoyote iliyo wazi, mfano M, bofya "Select File" na uonyeshe sanduku, kisha "Mount", andika nywila. Subiri sekunde chache. Kwenye kompyuta yako itatokea diski mpya iitwayo M. Hiyo ndiyo ndani ya sanduku. Buruta mafaili, yafungue, yahariri, yafute, kama diski nyingine yoyote. Ukimaliza rudi kwenye VeraCrypt na ubofye "Unmount" (matoleo ya nyuma kidogo yanaandika "Dismount"), halafu ndipo uitoe flashi kwa utaratibu wa Windows. Ukiichomoa ghafla sanduku likiwa wazi, unaweza kuharibu kilichokuwa kinaandikwa.

Jambo moja ambalo wengi huliona kero: VeraCrypt kwenye Windows inahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta ili kuisakinisha, na hata kuitumia bila kuisakinisha. Ina maana kwenye kompyuta ya ofisi au ya mtu mara nyingi hutaweza kulifungua sanduku. Mimi naishukuru kero hiyo. Kompyuta ya mtu inaweza kuwa na programu inayorekodi kila herufi unayobonyeza, na nywila ikishaandikwa hapo mara moja sanduku si lako peke yako tena.

Kama Windows yako ni Pro

Windows Pro, Enterprise na Education zina kifaa chake kinachoitwa BitLocker, na tangu Windows 7 kinaweza kufunga flashi. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua "Turn on BitLocker", weka tiki kwenye kutumia nywila, iandike mara mbili. Halafu itakupa ufunguo wa kuokolea, tarakimu 48, na kukuuliza uuhifadhi wapi. Uprinti nyumbani au uuhifadhi kwenye kompyuta yako. Usiuweke kwenye akaunti ambayo hukumbuki hata nywila yake, na kwenye flashi ileile Windows yenyewe haiwezi kukuruhusu, kwa sababu iliyo wazi.

Itakuuliza pia: isimbe sehemu iliyotumika tu, au diski nzima? Kama flashi ni mpya, sehemu iliyotumika inatosha. Kama imewahi kubeba mambo yako, chagua nzima, maana mafaili uliyoyafuta mwaka jana bado yamo. Baada ya hapo chagua "Compatible mode", ambayo ndiyo ya vifaa vya kuhamishika.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hata Windows Home, isiyoweza kufunga, inaweza kufungua. Ubaya ni kwamba Mac haisomi flashi hiyo bila programu ya ziada, na simu nyingi hazijui zimechomekewa nini. Watu wa Mac wana njia yao: Disk Utility, kuifomati kwa APFS iliyosimbwa, na mwisho wa safari ni kwamba itafunguka kwenye Mac tu.

7-Zip, kwa faili moja au kwa simu

Si kila mtu ana laptopu, na wakati mwingine unataka kumfungia ndugu faili moja tu. 7-Zip ni ya bure na nyepesi. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, nenda 7-Zip, "Add to archive". Fomati iwe 7z, usiweke zip. Andika nywila, hakikisha pameandikwa AES-256, na uweke tiki kwenye "Encrypt file names". Tiki hiyo ikisahaulika, mafaili yamefungwa lakini majina yanasomeka, na jina kama "majibu ya vipimo.pdf" limeshasema nusu ya siri. Kwenye Android, ZArchiver inafungua mafaili haya.

Udhaifu wake uko wakati wa kusoma. Ukibofya faili ndani ya 7-Zip, programu inatoa nakala isiyosimbwa na kuiweka kwenye folda ya muda ya kompyuta hiyo, kisha inakuonyesha nakala hiyo. Kwenye mashine yako si tatizo kubwa. Kwenye mashine ya mtu, nakala inaweza kubaki.

Nywila ya Word au Excel nayo ni ya kweli siku hizi, mradi faili ni la .docx au .xlsx na umeweka kupitia "Encrypt with Password". Ya .doc ya kizamani usiitegemee.

Yale uliyoyafuta

Umeshatengeneza sanduku, umehamishia vyeti humo, umefuta vya nje. Bado. Kufuta kwenye flashi ni kama kung'oa kibao cha namba mlangoni; nyumba ipo. Programu za bure kama Recuva na PhotoRec zinarudisha mafaili yaliyofutwa, na fomati ya haraka nayo haifuti zaidi ya orodha. Hata kuandika juu yake kuna mashaka, kwa sababu kidhibiti cha flashi huhamahamisha data kati ya vyumba vya chipu ili visichakae upande mmoja, na nakala ya zamani inaweza kubaki chumba usichokifikia.

Kwa hiyo flashi bora ya kuwekea sanduku ni ile ambayo haijawahi kubeba siri ikiwa wazi. Kama umeitumia miaka mingi, ifomati huku ukiondoa tiki ya "Quick Format", ndipo uweke sanduku. Na kama ilibeba mambo mazito kweli, usiigawe wala usiiuze. Ivunje kwa nyundo, uhakikishe chipu nyeusi ya ndani imepasuka.

Siku ya kwenda steshenari

Nyumbani fungua sanduku, toa lile faili moja, ligeuze PDF, liweke kwenye flashi ya mtaani. Liitwe jina lisilosema mengi. Ukifika, kaa karibu uone kioo. Ukishapewa karatasi zako, sema kwa adabu: "Kaka, naomba unifutie hapo na kwenye Recycle Bin." Tangu nianze kuomba hivyo sijakataliwa hata mara moja, mmoja aliniuliza tu kama mimi ni polisi.

WhatsApp ya steshenari, ambayo sasa imechukua nafasi ya flashi sehemu nyingi, ina tatizo lilelile na zaidi, kwa sababu faili linabaki kwenye simu ya duka pamoja na namba yako. Ukituma, tumia "Delete for everyone" ukishaprinti, ingawa aliyeshapakua ameshapakua.

Ukirudi, flashi ya mtaani ipitishe kwenye antivirasi au ifomati kabisa. Haina cha kupoteza.

Nakala, na nywila iliyosahaulika

Sanduku zuri halina fundi wa kulifungua. Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akiishi San Francisco, alisimulia Januari 2021 jinsi alivyopoteza karatasi yenye nywila ya flashi yake aina ya IronKey, iliyokuwa na ufunguo wa bitikoini (pesa za mtandaoni) 7,002. Flashi hiyo inaruhusu majaribio 10, kisha inajifunga daima. Wakati huo alikuwa ameshakosea mara 8.

Nywila yako iandike kwenye karatasi, uifunge kwenye bahasha, umpe mtu mmoja unayemwamini ambaye haishi nyumba moja na flashi. Kwangu ni shangazi. Yeye hajui bahasha ni ya nini, anajua tu kwamba nikifa ampelekee mke wangu.

Flashi nayo hufa, mara nyingi bila kuaga. Chukua lile faili la sanduku, likiwa limefungwa, na ulinakili kwenye laptopu au flashi ya tatu inayokaa kabatini. Kwa kuwa limesimbwa, unaweza hata kuliweka kwenye Google Drive. Nakala hiyo irudie kila unapoongeza kitu cha maana. Mimi nafanya kila mwisho wa mwezi nikishalipa umeme wa LUKU, ili nisisahau.

Ikipotea

Kama ndani mlikuwa na mambo yako tu na sanduku lilikuwa limefungwa, umepoteza bei ya flashi. Kama yalikuwa wazi, fikiria kila kilichomo kimeshasomwa: badilisha nywila za akaunti zilizotajwa humo, na waarifu benki kama mlikuwa na taarifa za kadi.

Kama ulibeba taarifa za watu, yaani wewe ni mweka hazina wa kikundi, mwalimu mwenye matokeo ya wanafunzi, nesi, au karani wa ofisi, waambie wahusika au mkuu wako siku hiyohiyo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na "ilidondoka kwenye bodaboda" si utetezi.

Ujue pia kwamba flashi itakayookotwa huenda ikachomekwa. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya katika Chuo Kikuu cha Illinois: walidondosha flashi 297 sehemu mbalimbali za chuo. Asilimia 98 ziliokotwa, na karibu nusu ya zote zilichomekwa na mafaili yake kufunguliwa. Wengi walisema walitaka kumjua mwenyewe. (Wewe ukiokota, usichomeke kwenye kompyuta yako. Hujui imebeba nini.)

Hii ndiyo sababu napenda sanduku kuliko kusimba flashi nzima. Flashi iliyosimbwa yote, Windows ikishindwa kuisoma, inamwomba aliyeiokota aifomati. Yenye sanduku inafunguka kawaida, na nje ya sanduku unaweza kuweka faili dogo la maandishi. Langu linaitwa IKIOKOTWA, na ndani lina mstari mmoja: "Flashi hii ina mwenyewe, piga namba hii, soda ipo." Sijaandika jina wala kazi, na namba ni ya laini ninayoitumia kwa mambo ya kawaida, isiyo na pesa.

Ilishawahi kurudi mara moja. Konda wa daladala alinipigia siku ya tatu, tukakutana stendi, nikatimiza ahadi ya soda. Aliniambia alijaribu kuangalia kilichomo akakuta faili moja kubwa halifunguki na chochote. "Nikajua bro amepata kirusi," akasema, "nikakuonea huruma."